Kutoka Ngamiani hadi kwenye ushauri elekezi: kisa cha mwanafunzi wa chuo kisichotembelewa

Kisa hiki ni cha binti wa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani, aliyekuwa mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu na fedha alipokuja kwangu kuomba ushauri. Chuo chake ni kidogo, kiko mkoani, na kampuni za ushauri elekezi hazijawahi kukanyaga pale kutafuta vijana. Yeye alitaka kuwa mshauri elekezi wa biashara, yule anayeitwa na kiwanda, benki au wizara kuchunguza kwa nini mambo hayaendi na kupendekeza la kufanya. Ameniruhusu nikiandike kisa chake. Jina lake, la chuo na la kampuni alizoomba nimeyaacha, kwa sababu kinachonishughulisha ni njia aliyopita na mahali ilipokwama.

Mimi nimefanya kazi hiyo miaka mingi Dar es Salaam kabla ya kurudi nyumbani, na nimekaa upande wa wanaosoma maombi. Ninaposema maombi ya watoto wa vyuo vya mikoani husomwa kwa sekunde chache, nasema nilichokiona. Jambo hili linaniuma, na ndiyo maana nakieleza kisa hiki kwa urefu.

Maombi yaliyoishia kimya

Alipokuja alikuwa ameshaomba nafasi katika kampuni kadhaa za Nairobi na Dar es Salaam, zote kupitia tovuti zao. Chache zilimjibu kwa barua pepe ya mashine, nyingine hazikusema kitu. Alikuwa na maelezo yake tayari: Kiingereza chake, chuo chake, na kwamba hana mtu. La Kiingereza nilimwambia tuliweke kando, kwani alichokuwa nacho kilitosha na kingenyooka zaidi kwa mazoezi. Hayo mawili mengine yalikuwa kweli, na yanakwenda pamoja.

Kwanza tuutazame uwanja wenyewe. Juu kabisa kuna kampuni tatu za Marekani ambazo waombaji huzitaja kwa pumzi moja: McKinsey iliyoanzishwa mwaka 1926, BCG ya mwaka 1963 na Bain ya mwaka 1973. Huku kwetu Afrika Mashariki, McKinsey na BCG wana ofisi Nairobi. Bain wako Johannesburg. Dar es Salaam kuna Deloitte, EY, KPMG na PwC, ambao wengi tunawajua kwa ukaguzi wa hesabu, lakini wote wana vitengo vya ushauri. Kisha kuna kampuni za kati na ndogo, za humu nchini na za kanda, zinazofanya kazi za wizara, wafadhili, vyama vya ushirika na biashara za kilimo. Binti aliomba zile kubwa peke yake, kwa kuwa ndizo alizozisikia.

Ofisi ya kampuni kubwa huchukua wahitimu wachache mno kwa mwaka, na maombi humiminika kutoka nchi nyingi. Anayechuja hana muda wa kumfahamu kila mtu. Anatazama jina la chuo, alama, na mahali mwombaji alipowahi kufanya kazi, basi. Jina la chuo humbeba mtu kwa sababu mchujaji amekwisha kuwaona wengine wa chuo kile wakifanya vizuri, na mara nyingi ndani ya ofisi yupo mhitimu wa pale pale anayeweza kusema, "Huyu namfahamu, mwiteni." Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa Strathmore ya Nairobi anaweza kumkuta ndani mtu wa chuo chake. Binti wa chuo cha mkoani hana aliyemtangulia hata mmoja. Hakuna anayemchukia, hawamwoni tu, na asiyeonekana haitwi kwenye usaili.

Halafu kuna kalenda. Vyuo vyetu hufungua Oktoba au Novemba, mahafali huwa mwishoni mwa mwaka, na vijana wengi huanza kuhangaikia kazi baada ya kuvaa joho. Kwa kampuni hizi, wakati huo umechelewa. Nafasi za wahitimu hutangazwa na kufungwa miezi mingi kabla ya mtu kumaliza, na wengi wanaozipata walishafanya mafunzo ya muda katika kampuni hizo hizo au zinazofanana nazo wakiwa bado masomoni. Katika vyuo vinavyotembelewa, habari hii mwanafunzi huipata kwa wakubwa zake bwenini. Huku haifiki. Nashukuru kwamba binti alikuja akiwa bado mwaka wa pili.

CV ya kurasa nne

Nilimwomba anionyeshe alichotuma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya pasipoti, tarehe na mahali pa kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na lugha. Wa pili ulikuwa na shule zake, kuanzia ya msingi. Wa tatu ulijaa sifa binafsi: mchapakazi, mwaminifu, anajituma, anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Wa nne ulikuwa wa wadhamini, pamoja na namba zao za simu. Ndivyo tulivyofundishwa wengi wetu, na kuna ofisi hapa nchini ambako CV ya namna hiyo inapokelewa bila neno. Kwa ushauri elekezi haifai. Wanataka ukurasa mmoja, na kila mstari uonyeshe jambo ulilofanya na kilichobadilika kwa sababu yake.

Kulikuwa na kosa jingine dogo lililomgharimu zaidi kuliko alivyodhani. Aliandika "GPA 4.3" na kuishia hapo. Sisi tunajua kwamba kipimo chetu kinakwenda hadi 5.0, kwamba daraja la kwanza linaanzia 4.4, na kwamba 4.3 ndiyo kilele cha daraja la pili la juu. Mchujaji aliyezoea kipimo cha 4.0 ataona namba iliyozidi kipimo chake na kushuku uongo au uzembe. Tuliandika 4.3 kati ya 5.0, tukataja daraja lake, na tukaongeza nafasi aliyoshika darasani, kwa kuwa alikuwa wa pili katika kozi nzima. Hilo la nafasi darasani nawasihi vijana wa vyuo vidogo wasiliache. Mchujaji asiyekijua chuo chako hawezi kupima uzito wa GPA yake, lakini anajua maana ya kuwa wa pili kati ya wote.

Kwenye mafunzo kwa vitendo, ile tunayoita fildi, aliweka mstari mmoja: "Nilisaidia shughuli za uhasibu katika chama cha ushirika cha wafugaji." Mstari huo haukunionyesha kitu. Nikamwambia, "Hebu nisimulie siku moja ya kule, tangu asubuhi ulipofika." Akaanza kusimulia, na hapo ndipo nilipoona kwamba kazi aliyokuwa akiitafuta Nairobi alikuwa ameshaifanya hapa hapa.

Maziwa yaliyorudishwa

Tanga ni mkoa wa maziwa. Ndiko ziliko Tanga Fresh na vyama vya wafugaji wadogo wanaokusanya maziwa vijijini. Katika kituo alikofanyia fildi, wafugaji hufika asubuhi kwa baiskeli na pikipiki, madumu yamefungwa nyuma kwa mpira. Mpokeaji hufungua dumu na kunusa. Hutumbukiza laktomita kuona kama yameongezwa maji. Kisha huchota maziwa kidogo, huyachanganya na alkoholi kwa kiasi kile kile, na kutikisa. Yakibaki laini, yanapokelewa. Yakiganda chembechembe ukutani mwa kichupa, mfugaji anafunga dumu lake na kugeuza baiskeli. Siku hiyo hana mapato, na karo au dawa iliyokuwa ikisubiri pesa hiyo itaendelea kusubiri.

Binti alikuwa ndani, kazi yake kuingiza lita zilizopokelewa kwenye kompyuta. Daftari la kituo lilikuwa na safu ya lita zilizokataliwa, ambayo hakuna aliyewahi kuijumlisha, kwa kuwa maziwa yaliyokataliwa hayalipwi na kwa hiyo hayaingii kwenye hesabu. Yeye alianza kuinakili. Tarehe, kijiji, saa ya kufika, lita. Akaipanga kwenye Excel, akaona kwamba maziwa yanayorudishwa hayatoki kila mahali: mengi yalikuwa ya vijiji vichache vya mbali, na ndani ya vijiji hivyo yalikuwa ya watu wale wale.

Pale kituoni iliaminika kwamba hao ni watu wanaotia maji. Angeweza kulikubali hilo na kuendelea na kazi yake. Badala yake alirudi kwenye daftari, akaona laktomita haikuwa na tatizo kwao. Walikuwa wakishindwa kwenye alkoholi. Maji yaliyoongezwa huonekana kwenye laktomita. Maziwa yanayoganda kwenye alkoholi huwa yameanza kuchacha. Akaomba lifti ya pikipiki ya chama, akaenda kijiji kimojawapo jioni na kukaa na akina mama wakikamua. Aliyoyaona yalikuwa wazi: ng'ombe hukamuliwa jioni na asubuhi, maziwa ya jioni hulala bila ubaridi wowote, na alfajiri humiminwa dumu moja na yale ya asubuhi. Bakteria waliozaana usiku kucha huharibu dumu zima. Madumu yenyewe ni yale ya plastiki yaliyokuwa na mafuta ya kula, shingo nyembamba, mkono hauingii kusugua.

Alimwambia meneja. Mwanzoni alikataa, kisha wakakubaliana kijiji kimoja kijaribu: maziwa ya jioni yatengwe yauzwe mtaani kama mgando, kituoni yaletwe ya asubuhi peke yake, na watu wachache wapewe keni za alumini kwa mkopo. Maziwa yanayorudishwa kutoka kijiji kile yalipungua, na meneja akaanza kuwaza jinsi ya kuvifikia vingine. Takwimu zenyewe ni mali ya chama, sitazianika hapa.

Nikamuuliza kwa nini hakuandika hata neno moja la haya. Akanijibu, "Anti, hiyo si kazi niliyopewa."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Mtoto aliyefunzwa adabu ya kufanya alichotumwa huona alichokifanya kwa akili yake mwenyewe kama utundu. Na hicho ndicho hasa kampuni hizi hulipia: kukiona kinachoumiza ambacho hakijumlishwi popote, kuikataa sababu ya haraka haraka, kwenda kuangalia kwa macho, na kupendekeza jambo dogo linaloweza kupimwa. Vijana wengi walio kwenye vyuo vinavyotembelewa huingia kwenye usaili wakiwa na hadithi za mashindano ya biashara ya darasani. Huyu alikuwa na maziwa halisi, watu halisi na matokeo.

Tuliuandika upya mstari wa fildi, ukawa mitatu: alichogundua, alichopendekeza, kilichobadilika, kila mmoja na namba yake. Kisha nilimtaka aandike ripoti ya kurasa nne. Rasimu ya kwanza ilikuja kama tasnifu ya chuo, yaani utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu za utafiti, na jibu likajificha mwisho. Mshauri elekezi huandika jibu kwanza. Mstari wa juu ukawa huu: chama kinapoteza maziwa kwa sababu ya kuchanganya ya jioni na ya asubuhi, na kinaweza kupunguza hasara hiyo bila kununua mtambo wa kupoozea. Mengine yote yakapangwa chini yake kama ushahidi. Aliirudia mara kadhaa mpaka ikakaa sawa.

Kumpata mtu mmoja wa ndani

Chuo chake hakikuwa na mhitimu katika kampuni hizi. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalikumbuka. Kidato cha tano serikali huwapangia wanafunzi shule popote nchini, na binti alipelekwa shule ya bweni ya wasichana katika mkoa mwingine kabisa, pamoja na wenzake kutoka kila pembe. Waliosoma shule ile kabla yake wametawanyika kila mahali. Alipotafuta kwenye LinkedIn kwa jina la shule ya sekondari badala ya chuo, aliwapata dada kadhaa wanaofanya ushauri, Dar es Salaam na Nairobi. Kwa mtu wa chuo kidogo naiona hii kuwa hazina kubwa kuliko ofisi yoyote ya ajira ya chuo.

Ujumbe aliokuwa akituma mwanzo ulianza na shikamoo, ukaendelea na habari za majukumu, ukaishia na "naomba unisaidie nafasi yoyote itakayopatikana." Una heshima zote, lakini unamtwisha mpokeaji mzigo asioweza kuubeba, kwa kuwa hamjui na hana nafasi mfukoni. Mkono mtupu haulambwi. Ujumbe mpya ulikuwa hivi:

"Shikamoo dada. Mimi nilisoma shule yetu, nikamaliza kidato cha sita miaka michache baada yako; sasa niko mwaka wa pili wa uhasibu na fedha Tanga. Nilipokuwa fildi kwenye chama cha wafugaji nilichunguza kwa nini maziwa mengi yanarudishwa, na nimeandika kurasa nne za nilichokiona. Nimeona na wewe umefanya miradi ya kilimo. Ningeomba dakika ishirini za simu, unieleze ni wapi ungeuliza zaidi kama ungekuwa wewe. Ahsante sana, dada."

Hakuomba kazi. Aliomba jambo ambalo mtu mwenye shughuli nyingi anaweza kulitoa, na aliomba kuhusu kitu kilichokwisha kufanyika. Wengi hawakujibu hata hivyo, na kijana asiyejua kwamba hiyo ni kawaida huvunjika moyo haraka. Waliojibu walikuwa wachache. Mmoja wao, aliye katika kampuni ya kati Dar es Salaam inayofanya kazi za minyororo ya thamani ya mazao, yaani safari ya zao kutoka shambani hadi kwa mnunuzi, alizisoma kurasa nne zote na kupiga simu mwenyewe. Alimuuliza kwa nini kiwanda kisiwalipe zaidi wenye maziwa bora. Binti alikuwa hajalifikiria. Akasema hivyo, akaomba siku mbili, akarudi na jibu. Mwishoni dada yule alisema, "Nitumie CV yako mimi mwenyewe, nitaipeleka." Kwangu mimi mlango ulifunguka pale aliporudi na jibu.

Mazoezi ya usaili, kwa mambo ya Tanga

Usaili wa kazi hii una sehemu inayowatisha wengi: usaili wa kisa. Msaili anakupa tatizo la biashara, nawe unalichambua mbele yake kwa sauti, unauliza, unakokotoa bila kikokotoo, na unatoa pendekezo. Kusoma vitabu na kutazama video hakutoshi, maana inabidi kinywa kizoee. Kwa kuwa chuoni hakuwa na mwenzake wa kufanya naye, tulifanya pamoja, na baadaye akapata wenzake mtandaoni. Mimi nilimpa mambo anayoyafahamu.

La kwanza lilikuwa kukadiria idadi ya baiskeli za Tanga mjini. Kwa sensa ya mwaka 2022 jiji lina watu karibu 400,000. Tukichukua kaya ya watu 4, ni kaya 100,000. Tukikisia kwamba kaya moja katika tatu ina baiskeli, tunapata kama 33,000. Hilo la kaya moja katika tatu ni kisio tu, na msaili anataka kuona unavyolitetea. Binti aliishia hapo. Nikamwambia atoke nje asimame barabarani asubuhi. Alirudi na wauza samaki, wauza mikate, wachukuzi wa madumu ya maji, baiskeli ambazo ni vitendea kazi na ambazo hesabu ya kaya ilizipita.

Kubwa zaidi lilikuwa la bandari. Kwa miaka mingi meli zilitia nanga mbali, shehena ikashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi gatini, kisha ikashushwa tena. Mzigo mmoja ukashikwa mara mbili. Serikali imetumia Sh bilioni 429.1 kuchimba kina hadi mita 13 na kujenga gati la mita 450, na sasa meli zinafunga gatini. Swali langu kwake lilikuwa: mteja wako ni msafirishaji wa mkonge anayepitishia mzigo bandari nyingine; je, ahamie Tanga?

Jaribio la kwanza lilikuwa rundo la mambo: barabara, ushuru, reli, hali ya hewa, siasa. Yote yanahusu, na hakuna linaloshika jingine. Nilimtaka ajiulize pesa ya mteja inatoka wapi na wapi tangu mzigo ukiwa shambani hadi kwa mnunuzi. Akapata sehemu zake: kuufikisha mzigo bandarini, gharama za bandarini, nauli ya baharini, na thamani ya siku zinazopotea njiani. Kwa shamba lililo Muheza au Korogwe, sehemu ya kwanza inaibeba Tanga wazi. Ya pili imeboreka kwa ule mzigo kushikwa mara moja. Kisha akanyamaza kidogo, akasema jambo lililonifurahisha mno: kina cha maji hakileti meli peke yake. Mkonge husafirishwa kwenye makontena, na kama meli za makontena zinazopita Tanga ni chache, mzigo utasubiri, na alichookoa bandarini atakilipa kwa siku za kungoja. Akauliza mteja ana tani ngapi kwa mwezi, na kama anaweza kuungana na wasafirishaji wengine kuivuta meli.

Swali la tani ndilo lililohitajika. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000. Leo uzalishaji ni sehemu ndogo ya hiyo. Bandari iliyowahi kuishi kwa mkonge haiwezi kuitegemea mizigo ya wakati ule. Yote hayo mtoto wa Tanga ameyasikia nyumbani tangu utotoni, na akijua kuyapanga hazidiwi na mtu.

Pale alipoanguka

Kampuni ya kati ilimchukua kwa mafunzo ya miezi mitatu, na mkuu wake wa kazi akamtaja kwa kampuni kubwa ya Nairobi msimu uliofuata. Kampuni hizo siku hizi huanza na jaribio la kompyuta. McKinsey, kwa mfano, wana mchezo wao uitwao Solve. Muda ukianza kuhesabiwa, umeme ukikatika ni hasara yako, kwa hiyo alikaa kwangu, kompyuta imejaa chaji, bando la simu pembeni. Alipita. Usaili wa kwanza akapita. Wa pili akaanguka.

Walimpigia kumweleza, jambo ambalo si kila kampuni hufanya. Walisema mambo mawili. Hesabu ziliyumba: kichwani alikuwa akienda kwa laki na mdomoni kwa mamilioni, sifuri moja ikamponyoka katikati ya jibu. Hilo ni la mazoezi. La pili lilikuwa zito. Walipomwomba aeleze wakati alipoongoza watu, alisimulia habari za maziwa, na katika masimulizi yake kila kitu kilifanywa na chama, na meneja, na akina mama. Wasaili hawakuona yeye alifanya nini.

Binti huyu amelelewa asijitangulize mbele ya wakubwa, na mimi nimelelewa hivyo hivyo. Ni malezi ninayoyaheshimu na nisingetaka kijana ayatupe. Lakini msaili hakuwepo kijijini. Tulichofanya baadaye ni kurudi kwenye matukio yenyewe: nani aliamua kujumlisha ile safu? Nani aliomba pikipiki? Meneja alipokataa mara ya kwanza, ulimwambia nini? Ukiyajibu hayo kwa ukweli, sifa za wengine zinabaki mahali pake na yako inaonekana bila kujipigia debe. Katika usaili wa kampuni nyingine, ya Dar es Salaam, alisimulia kisa kile kile kwa namna hiyo, na akapewa kazi katika kitengo cha ushauri.

Chumba cha kulala Dar es Salaam

Kuna jambo ambalo lingeweza kuyafuta yote niliyoeleza. Yale mafunzo ya miezi mitatu yalikuwa na posho ya kutosha nauli na chakula cha mchana. Kodi ya chumba Dar es Salaam haikuwemo. Bodi ya Mikopo hutoa fedha za mafunzo kwa vitendo kwa wanafunzi wanaostahili mkopo, lakini hizo ni za kipindi cha fildi kilichopangwa na chuo, na haya yalikuwa nje ya hicho. Mama yake, anayeuza vitumbua na chai, aliniuliza kwa wasiwasi mkubwa, "Hiyo kazi ya kushauri watu, nani anailipa? Si bora akae hapa amalize CPA ya uhasibu?" Swali la haki kabisa kutoka kwa mtu ambaye angelazimika kuuza kitu ili mwanawe akae mjini.

Kilichomwokoa ni shangazi aliyepo Mbagala. Alilala sebuleni, akaamka usiku wa manane kuwahi daladala hadi ofisini Masaki, akarudi usiku. Nimewauliza rafiki zangu walio kwenye kampuni hizi: mwenye akili kama zake na asiye na shangazi Mbagala afanye nini? Kodi ya chumba ya miezi mitatu kwa kijana mmoja wa mkoani ni pesa ndogo sana kwa kampuni hizi. Kama kuna jambo moja ningewaomba walifanye, ni hilo, kabla hata ya kufunga safari kwenda kutembelea vyuo.

Mpaka naandika haya, binti yuko katika mwaka wake wa kwanza kazini na amepelekwa kusini kwenye mradi wa korosho. Amejiandikisha mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa CPA, kwa ajili ya mama yake na kwa ajili yake pia, ingawa ushauri elekezi hauidai CPA. Nairobi hajaiacha. Kampuni nyingi za ngazi ile humtaka aliyeshindwa asubiri mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kuomba tena, naye anajiandaa kuomba muda huo utakapotimia, safari hii kama mtu mwenye kazi, ambako kinachosomwa kwanza ni miradi aliyofanya.